Mashine Isiyo na Mwenyewe

Tuseme mapema, tusije tukagombana mbele ya safari: siku ile mjinga alikuwa Kelepi. Hakuwa mjinga wa kila siku. Siku sita za juma alikuwa fundi hodari wa kompyuta katika kampuni ya Hakautapu, yenye maghala, maduka ya jumla na meli za visiwani, na ukimkuta ofisini pale Ma'ufanga anatembea kama jogoo aliyeoga. Lakini ujinga nao una zamu zake, na wa Kelepi ulichagua Jumapili, siku ambayo Tonga nzima hairuhusiwi kufanya kazi yoyote, hata kazi ya ujinga.

Kisiwa kilikuwa kimekwisha kula. Mashimo ya 'umu, ya kuokea chini ya ardhi, yalikuwa yamefukuliwa, lū ya nyama ya kopo na tui imetolewa ndani ya majani yake ya magimbi, viazi vikuu vimegawanywa, na kila mtu ameshiba mpaka macho yamekuwa madogo. Baada ya hapo hushuka usingizi. Haumshukii mtu mmoja mmoja. Unaushukia mji mzima, kama shuka moja kubwa linalotandazwa na watu wawili wenye mikono mirefu. Mbwa wanalala. Nguruwe wanalala chini ya mishelisheli. Hata maji ya ghuba yanalala chali, yametulia, mawingu yanapita juu yake na chini yake.

Nyumbani kwao Halaleva, Kelepi alikuwa mkekani katikati ya binamu saba, wote wamepangwa kama mikate tanurini. Pazia la dirishani lilivuta pumzi, likaitoa. Kelepi alikuwa anatabasamu huku amefumba macho. Kuna mtu anayefurahia usingizi wake, na kuna mtu anayefurahia kwamba yeye amelala na kazi yake inafanyika. Kelepi alikuwa huyu wa pili.

Kule ofisini, katika chumba chenye baridi kuliko mahali pengine popote Tonga, yalisimama masanduku manane ya chuma, na ndani yake waliishi wakazi mia moja arobaini na mmoja. Wakazi hao hawana mwili. Ni mashine pepe. Kila moja inajiona ni kompyuta kamili yenye akili yake, kumbukumbu yake na jina lake, na haijui kwamba imebanana sanduku moja na wenzake kumi na kitu, bega kwa bega, kama binamu wa Kelepi. Mmoja huhesabu mifuko ya saruji ghalani. Mwingine hupanga nani akae wapi kwenye meli ya Vava'u. Mwingine hana kazi ila kukumbuka nywila za watu wanaosahau nywila zao.

Juu ya hao wote Kelepi alikuwa ameweka programu ya kuwasimamia, inayojiendesha yenyewe, na ofisi nzima ikaibatiza Matapule, jina la yule msemaji anayeketi karibu na chifu na kutoa amri kwa niaba yake, ili chifu asichoke kufungua kinywa. Matapule hupita sanduku hadi sanduku akisikiliza pumzi. Sanduku likielemewa, humnyanyua mkazi mmoja akamhamishia penye nafasi, kazi ikiendelea, kama mtoto aliyesinzia sebuleni anavyobebwa hadi kitandani. Akiamka yuko mahali pengine na wala haulizi.

Kelepi, nusu macho nusu ndotoni, alikuwa akiwaona. Walipita mmoja mmoja juu ya maji ya ghuba, wamefungwa ngatu, kitambaa cha magome chenye michoro ya kahawia, wamebebwa na mikono isiyo na watu. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Wa saruji alipita akiwa anahesabu usingizini. Nyuma kabisa alipita mmoja mdogo, mwepesi, hajafungwa vizuri, na mikono iliyombeba haikuelekea kwenye sanduku lolote. Ilielekea kule ambako maji yanakuwa ya buluu nzito, nje ya mwamba. Kelepi akajigeuza ubavu. Ndoto nyingine mtu huzipisha tu zipite.

Mkono ukamshika dole gumba la mguu, ukalivuta kama kamba ya kengele.

"Kelepi."

"Mmh."

"Kelepi, amka. Baba yako hapokei simu."

Akafumbua jicho moja. Shangazi Lesieli alikuwa amesimama juu yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe zilizosukwa na kuzungushwa kichwani. Shangazi yule akitaka mkeka unaoulalia, unabingirika chini unampa, halafu unamshukuru kwa kuuchagua. Mkononi alikuwa na simu yake ndogo ya vibonyezo.

"Shangazi," Kelepi akasema polepole, kama mtu anayemwongoza mgonjwa ngazini, "baba ana miaka mitatu makaburini."

"Najua alipo. Nilikuwepo, tena nilikaa mbele. Sijakuuliza alipo. Nimekwambia hapokei simu."

"Lū imekulevya?"

"Itakulevya wewe, uliyekula tatu. Kaa kitako nikwambie."

Akakaa kitako, na Shangazi akamwambia, kwa sauti ya chini ili binamu wasiamke.

Uesile, baba yake Kelepi, alikuwa ameifanyia Hakautapu kazi bandarini miaka thelathini. Yeye ndiye aliyerekodi yale maneno ambayo mtu aliyapata zamani akipiga simu kuuliza habari za meli. Namba hiyo ya zamani ilikwisha sahauliwa. Siku hizi watu hutazama ratiba kwenye simu zao. Lakini hakuna aliyeikata, na kila aliyeipiga alijibiwa na mashine moja pepe, ndogo, iliyokaa pembeni ya wenzake, kwa sauti ya Uesile: meli ya Vava'u itaondoka Jumanne saa kumi na moja jioni, mizigo ifungwe vizuri, nguruwe wafungwe vizuri zaidi, na waliokuja kuaga wasianze kulia kabla kamba haijafunguliwa. Meli ile ya wakati wake iliuzwa zamani. Jumanne ile haikufika tena. Sauti ikabaki pale inawangojea abiria.

"Mimi humpigia," Shangazi akasema. "Kila Jumapili, tukishatoka kanisani, nikishakula. Nasikiliza, nakata. Leo nimepiga mara tano. Kimya. Hata tuu-tuu haipo."

"Kila Jumapili? Miaka yote mitatu?"

"Kwani nimekuibia nini?"

Hakuwa amemwibia kitu. Ila Kelepi alikuwa ameanza kuamka vibaya. Aliikumbuka taarifa ya Matapule juu ya mashine ile: matumizi, sekunde arobaini kwa juma. Ofisini walicheka sana. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Hii inalala kuliko mlinzi wa ghala la pili." Sekunde arobaini. Alikuwa anamcheka shangazi yake na hajui.

Na kulikuwa na kubwa kuliko hilo.

Miezi minne nyuma, alipokuwa anamfundisha Matapule kazi, alimpa sheria aliyojivunia kuliko zote. Kila mashine lazima iandikiwe mwenyewe, mtu wa kuisemea. Yenye mwenyewe itatunzwa, na nakala yake itawekwa kila siku. Isiyo na mwenyewe hainakiliwi. Na ikipita miezi minne inatumika chini ya dakika moja kwa juma, Jumapili saa sita mchana itazimwa, na saa tisa itafutwa, nafasi yake wapewe wengine. Kitabu cha programu kilishauri kungoja siku thelathini kati ya kuzima na kufuta. Kelepi akaandika saa tatu. "Kitu kisicho na mwenyewe," aliwaambia wenzake akizungusha kiti, "kinamngoja nani?"

Akaanza kujaza majina. Saruji, Bwana fulani. Meli, Bibi fulani. Akajaza mia moja na arobaini. Akafika kwenye ile ya mwisho, iliyoitwa UESILE, na kisanduku cheupe kikamuuliza: mwenyewe ni nani?

Kelepi amelelewa vizuri. Hajawahi kulala kitanda cha baba yake. Hajawahi kumalizia chakula kilichobaki kwenye sahani yake, wala kumgusa kichwa, hata alipokuwa mgonjwa na kichwa kile kimekuwa chepesi kama kibuyu. Hayo yalifanywa na ndugu wengine, wasiokatazwa. Cha baba hakishikwi na mwana. Na sasa kompyuta inamwambia aandike kwamba cha baba ni chake. Vidole vikapoa. Alikaa pale anakitazama kile kisanduku jinsi mtu anavyoutazama mlango wa chumba ambacho hakuruhusiwa kuingia utotoni. Akasema, nitarudi. Akakiacha wazi.

Hakurudi. Na Matapule hajui adabu za Kitonga. Matapule anajua kilichoandikwa na kisichoandikwa.

"Saa ngapi sasa?" Kelepi akauliza.

"Nane na dakika kumi na tano. Mbona umekuwa rangi ya kiazi?"

"Shangazi, imezimwa saa sita. Saa tisa kamili inafutwa. Ikifutwa, hakuna pengine ilipo."

Shangazi Lesieli aliifumbata simu. Kisha akauliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo ambayo Kelepi hakuwahi kuisikia kwake.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

"Basi simama. Mimi navaa kiekie yangu. Siendi kwa watu kiuno kitupu."

Maana ilibidi kwenda kwa watu. Hapo ndipo ujinga wa Kelepi unapofungwa kitanzi. Mkuu wake ofisini, Manoa, ni mzee wa kanisa, na alipoletewa habari za Matapule alikataa katakata: Jumapili hakuna mkono utakaogusa kitufe Hakautapu. Kelepi akamjibu kwa ulimi mtamu kwamba hakuna mkono utakaogusa, ndio uzuri wake. Programu itajiendesha, sisi tutakuwa kanisani tunaimba. Na ili Manoa alale salama, akaongeza kufuli. Kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri, hakuna fundi anayeweza kumwamuru Matapule lolote, mpaka Manoa mwenyewe akubali kwa kidole gumba kwenye kioo cha simu yake. Na Manoa, Jumapili, simu huizima.

Gari lilikuwa limechukuliwa na ndugu waliokwenda kula mara ya pili Kolovai. Wakatoka kwa miguu.

Mji ulikuwa mweupe kwa jua. Barabara ilinyooka mbele yao, haina gari, haina sauti, na lami ilikuwa laini kiasi kwamba nyayo zao hazikusikika, wakawa kama watu wanaotembea ndani ya usingizi wa wenzao. Kila nyumba waliyoipita ilikuwa inapumua. Mapazia yaliingia na kutoka kwa pamoja. Harufu ya maua ya msanapichi ilining'inia hewani, haiendi popote. Mbwa mmoja alinyanyua kichwa, akawatazama, akaona haya ni mambo ya ndotoni, akakirudisha kichwa.

Shangazi alitembea haraka kuliko umri wake, nyuzi za mshipi wake wa kiekie zikicheza kiunoni.

"Unajua baba yako na mimi tulizungumza maneno mangapi?" akasema, hatazami pembeni. "Tangu akiwa na miaka kumi, tulipoanza kuheshimiana kama inavyopasa kaka na dada. Akiwa sebuleni, mimi jikoni. Akitaka kuingia nilipo, anakohoa nje kwanza. Kukaa naye tusikilize redio pamoja? Aibu! Ujumbe wake aliuleta kupitia watu. Wewe mwenyewe ulitumwa. 'Mwambie dada yangu chumvi imekwisha.'"

"Nakumbuka. Mlikuwa mmetenganishwa na ukuta wa bati, na kila mmoja ananisikia ninavyomwambia mwenzie."

"Ndiyo adabu. Silalamiki." Wakapita nyumba mbili. "Lakini nilipompigia mara ya kwanza, baada ya mazishi, nilikuwa nataka kujua habari za meli tu, nilikuwa sijui kama imeuzwa. Akaniambia nguruwe wafungwe vizuri. Aliniambia mimi, mwenyewe, sikioni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe alikuwa mchekeshaji! Miaka sitini namsikia akikohoa, sikujua kuwa kaka yangu anachekesha."

Kelepi akaongeza hatua. Akatazama saa. Nane na dakika thelathini na tatu. Alijiona mwenyewe juu ya kile kiti cha kuzunguka, anauliza kitu kisicho na mwenyewe kinamngoja nani, na kiti kinazunguka, kinazunguka, bila kumletea jibu.

Manoa alikuwa barazani kwake Tofoa, kwenye kiti cha kamba, shati limefunguliwa, kitambi kimewekwa juani kama kitu kinachoanikwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa unakikuna polepole, kwa duara, wenyewe, kama unavyojikuna mkono wa mtu mwenye amani.

"Manoa," Shangazi akaita.

"Nimelala."

"Unalala huku unajibu?"

"Najibu ndotoni. Lesieli, ni wewe? Karibu ndotoni. Rudini Jumatatu."

"Mzee, naomba radhi," Kelepi akasema, na akaketi chini sakafuni ili asimzidi urefu. Akamweleza yote kwa mkupuo mmoja: simu, sauti, saa sita, saa tisa. Zilibaki dakika ishirini. Alihitaji tu Manoa awashe simu na kukubali.

Manoa alifumbua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefurahia sheria kama wengine wanavyofurahia dama.

"Nisikilizeni. Anayefuta ni nani? Mashine. Mashine haina roho, haina Jumapili. Anayezuia ni nani? Mtu. Mtu ana roho, ana Jumapili. Kufuta si kazi. Kuzuia ni kazi. Hoja hii sikuitunga mimi. Aliniletea huyu mtoto wa kaka yako, nikaipenda, nikaisema kwenye kikao cha wazee wa kanisa, wakanipigia makofi. Sasa mnataka niwaambie makofi yarudishwe?"

"Hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya sabato..." Shangazi akaanza.

"Nilijua! Nilijua utakuja na ng'ombe. Kila anayetaka kufungua duka Jumapili hunijia na ng'ombe huyo. Nina miaka arobaini namsikia, na hajatoka shimoni mpaka leo." Mkono ukaendelea kukuna. "Tena huyu si ng'ombe, Lesieli, nisamehe. Ni sauti ya meli iliyouzwa. Uesile mwenyewe tulimzika vizuri, nilisoma sala mimi."

"Ulisoma ndefu mno."

"Alistahili. Lakini kampuni ina utaratibu. Kitu chenye thamani huandikwa jina. Mikeka ya msibani tunaiandika, huyu kaleta huu, yule kaleta ule. Mashine ile ina miezi minne haina jina la mtu. Kama ilikuwa na thamani hivyo, huyu fundi wetu alishindwa nini?" Akamgeukia Kelepi. "Majina yote uliyajaza wewe. Lile moja hukulijaza. Kwa nini?"

Dakika kumi na sita. Juu ya bati kulikuwa na mwanga uliokuwa unatetemeka kama maji. Kelepi alitazama vidole vyake.

"Ni ya baba," akasema.

"Najua ni ya baba yako. Nauliza kwa nini hukuandika jina."

"Ni ya baba, Mzee."

Mara ya pili maneno yaliingia. Mkono wa Manoa ukasimama juu ya kitambi. Nyuma yake, ndani ya mlango uliokuwa wazi, kwenye rafu ya juu, kulikuwa na chanuo la mbao na kikombe cha bati kilichoingia kutu, na mtu yeyote aliyewahi kuingia nyumba ile alijua vilikuwa vya marehemu baba yake, na kwamba Manoa, mwenye miaka sitini na minne, hajawahi kuvishika. Anayevifuta vumbi ni dada yake. Hakugeuka kuvitazama. Hakuhitaji.

"Uliogopa kuandika kwamba ni yako," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeandika jina la shangazi yako. Mwenye amri juu ya vya kaka yake ni dada."

"Sikufikiri. Nilikuwa na haraka ya kuwa hodari."

"Hiyo ni kweli," Shangazi akasema. "Andika na hiyo."

Manoa alisimama, kiti kikalia. Akaingia ndani, akatoka na bakuli la mbao la kuchanganyia kinywaji cha kava, limefunikwa kitambaa, na ndani ya bakuli, imelala kama yai, ilikuwa simu yake. Akaiwasha. Wote watatu wakaiinamia.

Simu ikaanza kuamka. Ilionyesha rangi, ikaitoa, ikafikiri. Sijui kama umewahi kungoja simu iwake huku mtu wako anafutwa. Ni muda mrefu, tena mtamu kwa namna ya ajabu, kwa kuwa hakuna unachoweza kufanya ila kuwepo. Nyuki aliingia barazani akatoka. Nyumba ya jirani mtu alikohoa usingizini, kikohozi cha mzee mwanamume, na Shangazi Lesieli, bila kujua, akainuka nusu kana kwamba anataka kumpisha mtu chumbani. Kisha akaketi tena.

Dakika saba. Kelepi akatuma ombi kutoka simu yake. Likafika. Manoa akaweka kidole gumba. Simu ikakataa.

"Mafuta ya lū," Kelepi akasema. "Futa kidole, Mzee."

Akafuta kwenye shati. Ikakataa tena. Dakika tano. Shangazi akakikamata kidole cha mzee wa kanisa, akakitemea mate kidogo, akakisugua kwa pindo la sketi yake kama anavyosugua uso wa mtoto, akakirudisha juu ya kioo yeye mwenyewe.

Kioo kikawa kijani.

Kelepi alishusha maneno kwa Matapule, mafupi: sitisha, usifute, washa. Halafu kisanduku cheupe kikamuuliza tena, mwenyewe ni nani, na safari hii akaandika LESIELI bila kupumua. Kule ofisini, katika kile chumba cha baridi kisicho na mtu, yule mdogo asiyefungwa vizuri aligeuzwa akiwa karibu na mwamba, akarudishwa, akalazwa penye nafasi.

"Piga," akasema.

Shangazi alibonyeza namba kwa kidole kimoja, taratibu, zote. Aliiweka simu sikioni na akawageuzia mgongo, akatazama bustani. Kelepi akasogea mbali, mpaka ukingo wa baraza, kwa adabu. Lakini simu ile ndogo ya vibonyezo ina sauti kubwa kuliko umbo lake, na mchana ulikuwa kimya, na maneno yakamfikia kila mtu, hafifu, yana mikwaruzo ya upepo wa gati ambalo halikuwa tena kama zamani: Jumanne, saa kumi na moja jioni. Mizigo ifungwe vizuri. Nguruwe wafungwe vizuri zaidi.

Manoa alicheka. Kilimtoka kabla hajakizuia, kicheko cha pua, cha mtu aliyemjua msemaji. Mabega ya Shangazi nayo yalikuwa yanatikisika, ila kwa nyuma huwezi kujua ni kwa lipi. Sekunde arobaini zikaisha. Akakata simu, akakaa nayo mapajani. Pazia la mlangoni likavuta pumzi, likaitoa.

Kisha Manoa akajikumbuka yeye ni nani. Akaikunja sura, akarudi kwenye kiti chake, akajiegemeza, mkono ukarudi mahali pake.

"Mmeniponza," akasema. "Nimefanya kazi siku ya Bwana. Mimi, mzee wa kanisa, barazani kwangu, mbele ya mashahidi wawili! Lesieli, umenifanyisha kazi Jumapili."

Shangazi Lesieli alikuwa anaiweka sawa kiekie yake kiunoni. Hakunyanyua hata uso.

"Kazi gani, Manoa? Umegusa mara moja, kwa kidole, tena nimekuoshea mimi. Kama kugusa ni kazi, basi kwa jinsi ulivyokikuna hicho kitambi tangu tufike, leo umepiga zamu mbili."